Mkebe wa Pili

Picha nzuri ya sinema Fundi hakuwahi kuiona. Alizoziona zilikuwa za namna tatu: zenye pancha, zenye rimu iliyopinda, na zile mbaya kuliko zote kwa maoni yake, zenye mnyororo uliolegea. Pancha huzibwa, alisema. Rimu iliyopinda utaiona toka mbali, na ukipanda ni shauri lako. Lakini mnyororo uliolegea unakudanganya. Unakanyaga, unakwenda, unajiambia haya basi tutafika, halafu kwenye mlima unaruka na goti lako linagonga usukani. Picha nyingi zilizoletwa Kisumu miaka ile ya hamsini zilikuwa za mnyororo uliolegea.

Alikuwa fundi wa baiskeli. Alifanya kazi kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa, akiwa na karai la maji la kutafutia pancha, pampu, na kisanduku cha spoku ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Mimi nilikuwa karani wa mizigo bandarini, kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka shule ya sekondari na Kiingereza changu na baiskeli niliyoinunua ikiwa tayari imechoka. Baiskeli hiyo ilinipeleka kwake mara nyingi hata tukawa marafiki, na Jumamosi mchana, kazi ikiisha, tukawa tunakwenda sinema pamoja. Alinizidi miaka kama ishirini. Sikuwahi kumwita kwa jina. Yeye aliniita Karani, mimi nilimwita Fundi, na ikatosha.

Sasa nimevuka arobaini. Nimeishi katika miji saba na sikutulia katika hata mmoja, na kila ninapomsikia mtu ametoka sinema akisema "si mbaya," nasikia sauti ya Fundi nyuma yangu: "Si mbaya ni nini, omera? Chakula kikiwa si kibaya unakula unanyamaza. Wewe mbona unaongea?"

Sinema yenyewe ilikuwa mali ya familia ya Kihindi. Wazungu na Wahindi walikaa nyuma kwenye viti vyenye mto, sisi tulikaa mbele kabisa kwenye mabenchi, vichwa tumeviinua kama kuku wanaokunywa maji. Mlangoni alisimama Kalasinga mmoja mnene aliyekata tikiti, na kila Jumamosi yeye na Fundi walikuwa na maneno yao.

"Fundi, wiki jana umesema picha mbaya. Leo umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuona kama imetubu."

"Hii ni picha ingine."

"Baba yao ni mmoja."

Kalasinga alicheka mpaka kilemba kikatikisika, akamrarulia tikiti.

Mimi nilipenda picha za Kihindi kwa sababu ya nyimbo. Fundi alizisikiliza nyimbo hizo akitikisa mguu, nilimwona kwa macho yangu, lakini tukitoka nje alikuwa na swali lile lile. Alimpelekea swali hilo hata Mhindi wa duka la vitambaa, siku ya Jumatatu, akiwa amepiga magoti mbele ya gurudumu la mtu.

"Bwana, yule kijana baba yake amekufa saa ile ile. Mbona yeye yuko mlimani anaimba?"

"Ule ni uchungu, Fundi," Mhindi alimjibu kutoka ndani, kati ya majora ya vitambaa. "Uchungu ya moyo."

"Uchungu najua. Lakini nani amebaki na maiti?"

Jumatatu nyingine Mhindi akaja na jibu: maiti alibaki na shangazi. Fundi akasema shangazi hakuonyeshwa. Mhindi akasema si kila kitu kinaonyeshwa. Fundi akasimamisha pampu.

"Hapo sasa umesema kitu," alisema, na pampu ikaanza tena.

Za wapanda farasi alizidharau moja kwa moja. Bastola inalia mara ishirini bila mtu kuijaza risasi, na kofia haimtoki kichwani. Siku moja tulitoka katika picha ya namna hiyo, ndefu, yenye vumbi jingi na wezi wasiojua walichokuwa wanaiba, nikamuuliza kama hakupata hata kitu kimoja cha kusifu. Alifikiri tangu mlango wa sinema mpaka kwenye baraza lake.

"Farasi," alisema. "Yule wa kahawia. Yeye peke yake alijua kazi yake."

Lakini mtu huyu aliyezitukana picha zote hakukosa hata moja, na hakutoka kabla ya mwisho. Watu walikuwa wakianza kuinuka wakijua kwamba bwana na bibi watakumbatiana na mambo yamekwisha; yeye alinishika mkono. "Kaa. Tuone mwisho." Mara moja mashine iliharibika katikati ya picha mbovu kabisa, ukumbi mzima ukapiga miluzi ukatoka. Fundi alibaki kwenye benchi peke yake, mikono magotini, akikitazama kile kitambaa cheupe kisicho na kitu. Nilirudi kumwita. "Huenda wataitengeneza," alisema. Tukangoja. Haikutengenezwa.

Kitu kingine kilikuwa hiki. Kuna wakati katika picha mtu anayepita barabarani, au mwanamke aliyewekwa dirishani, anasahau akaitazama mashine inayompiga picha, na unaona macho yake yanakutazama wewe. Fundi aliwaona wote.

"Umeona yule? Ametazama mashine."

"Nimeona."

"Mtu akitazama mashine, picha imekufa."

Lakini hayo hakuyasema kwa dharau kama alivyosema mengine. Aliyasema polepole, kama mtu anayerudia amri aliyopewa na mkubwa.

Kwa nini alikuwa hivyo, Kisumu ilijua nusu ya sababu, na ilicheka. Nusu nyingine alinieleza mwenyewe.

Miaka ile ya arobaini, vita vilipokwisha, Fundi alikuwa anakaa kwao Kisian, kwenye barabara ya Busia, na mke wake. Mke huyo alitoka Usenge, kwa hiyo watu walimwita Nyar Usenge, binti wa Usenge, kama ilivyo desturi yetu kumwita mke kwa jina la kwao. Wakaja watu wa serikali na gari lenye mashine ya picha. Walitaka kupiga picha ya kuwafundisha watu usafi, na walitaka mtu mvivu. Mzungu aliwatazama wanaume wote wa pale akamchagua Fundi, kwa sababu, Fundi alisema, yeye ndiye aliyekuwa amechelewa kufika.

Siku mbili alilala kwenye mkeka mchana kweupe, nzi usoni, kuku wakitembea juu ya tumbo lake. Nzi walifanya kazi bila kuambiwa. Kuku ilibidi wamwagiwe mtama juu ya shati. Siku ya tatu ikawa zamu ya mvivu kuamka: amechimba choo, amefyeka uwanja, amevaa shati jeupe la kuazimwa, anarudi kwake, na mke wake amesimama mlangoni na maji ya kunawa. Mke wa kwenye picha alikuwa Nyar Usenge mwenyewe.

Picha iliwekwa katika mikebe miwili ya bati. Mkebe wa kwanza, mvivu analala. Mkebe wa pili, mvivu ameamka. Miezi ikapita, gari likarudi kuionyesha katika fuo zote za ziwa, na huko mahali fulani, ofisini au njiani, mkono wa mtu ulikuwa umebadilisha mikebe. Wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ulipofungwa kwenye mashine, ukaonyesha watu wasiojulikana wanachuma pamba.

Ilianzia Usenge. Gari lilikuwa na mkalimani, mtu mwenye sauti na bomba la kupazia sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu wanachokiona. Watu wamemwona mvivu amelala na nzi, sasa wanaona pamba. Wakapiga kelele: mvivu yuko wapi? Mkalimani hakuwa ameiona picha hiyo kabla. Angesema sijui, lakini mkalimani gani husema sijui mbele ya ufuo mzima? Akasema: "Amekufa! Nzi wamemuua! Hawa mnaowaona ni jirani zake, wanachuma pamba yake!"

Na Usenge ni kwao mke. Wakwe wa Fundi walikuwa wamekaa mbele kabisa. Walimjua uso, walimjua na shati. Kesho yake asubuhi wakaondoka na jamaa zao wote, wanawake wakilia njia nzima, na walipofika Kisian wakaingia mbio uwanjani kwa mayowe kama inavyopasa kumlilia marehemu mkwe. Marehemu alikuwa ameketi mlangoni, anakula nduma.

"Mama mkwe aliniona," Fundi alinieleza, "akalia zaidi. Alifikiri ni kivuli. Nyar Usenge akatoka ndani. Yawa! Alicheka yule mwanamke. Alicheka mpaka akakaa chini."

Wazee wa pande zote mbili hawakucheka. Mtu hai amekwisha kuliliwa na wakwe, hilo si jambo la kuacha hivi hivi. Mbuzi alichinjwa, maneno yakasemwa, wageni wakanywa uji wakarudi kwao. Na mwaka uliofuata, kabla ya mvua ndefu, Nyar Usenge akaugua homa siku nne akafa. Jamaa wale wale wakaja kwa njia ile ile na kilio kile kile. Kukawa na wazee waliosema kwamba kilio kikiamshwa hakirudi mikono mitupu.

Fundi hakuwahi kuniambia kama aliyaamini hayo. Aliniambia tu kwamba baada ya kuyasikia aliuza ng'ombe, akanunua pampu na spana, akahamia mjini.

Kisumu ilimjua kama mvivu wa nzi. Picha ile ilizunguka miaka, mkebe mmoja peke yake, na wapagazi wa bandarini walipopita baraza lake walimpungia mikono kama wanaomfukuzia nzi usoni. "Umeamka leo, Fundi?" Yeye alijibu, "Nimeamka, mkebe ndiyo haujafika." Wakacheka wakidhani anatafuta kusafisha jina lake. Alichotafuta si jina. Nyar Usenge hakuwa amepigwa picha nyingine popote. Hatukuwa watu wa picha siku zile. Uso wake ulikuwa katika mkebe wa pili tu, kama ulikuwamo, alisema Fundi.

"Kwa nini useme kama?" nilimuuliza.

"Yule mzungu alikasirika na Nyar Usenge. Alisema kile kipande kimeharibika, atakikata atupe." Akachovya tyubu ndani ya karai, akaangalia mapovu. "Sijui kama alikata."

Sikumuuliza kipande kiliharibikaje.

Ndiyo maana alikwenda sinema. Katika ukumbi wa mjini, kabla ya picha kubwa, walikuwa wakionyesha vipande vya serikali, na huwezi kujua mkebe upi utafunguliwa. Gari la picha likitangazwa kwamba litafika Mamboleo, nje kidogo ya mji, alikwenda. Likitangazwa kwingine, alifunga kisanduku cha spoku akapanda baiskeli. Alimwendea mwenye mashine, akavua kofia. "Bwana, iko mkebe wa pili wa ile ya nzi?" Walimjibu kwa upole, au kwa kicheko, au hawakumjibu. Halafu alikaa akatazama chochote kilicholetwa mpaka mwisho. Wakati wa ile Hali ya Hatari, zikaja picha za vijiji vyenye uzio ambamo kila mtu anatabasamu. Nilimuuliza hukumu yake kwa sauti ndogo. Alitazama kushoto na kulia. "Aliyepiga hii," alisema, "anaogopa watu watakaoitazama."

Sasa nafikiri kwamba ukali wake wote ulitoka hapo. Mtu anayengoja picha moja hawezi kuzihurumia nyingine zinazokaa mahali pake.

Nilihama. Nilipata kazi ya ukarani katika meli za ziwa, na kwa mtu mwenye miguu isiyotulia ile ilikuwa kazi ya baraka: Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, halafu tena. Nilimuaga Fundi barazani. Hakusimama, mikono yake ilikuwa na gundi. "Huko nako kuna picha," alisema. "Tazama mpaka mwisho."

Musoma, alasiri moja, meli ilikuwa inangoja shehena. Bwana shamba wa pale alikuwa na onyesho katika ukumbi mdogo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho linatutoka. Tangazo lilisema kilimo cha pamba. Taa ikazimwa, mashine ikaanza kulia, na kwenye kitambaa nikaiona nyumba ya nyasi kwenye mteremko, na nyuma yake, mbali, maji ya ziwa letu. Sikuelewa mara moja. Watu wakanung'unika, "Tumeitwa kwa pamba, hii nyumba ya nani?" Halafu mwanamke akatoka mlangoni na karai la maji.

Muda wake ulikuwa mfupi. Ukihesabu taratibu hufiki kumi. Alisimama, akaliweka sawa karai, akainua uso, akatazama mashine. Alinitazama mimi, ndivyo nilivyoona, kutoka miaka zaidi ya kumi. Akacheka, akauziba mdomo kwa mgongo wa mkono, na bega likatikisika. Kisha mgongo wa mwanamume mwenye shati jeupe ukaingia ukamfunika, na baada ya hapo kikawa choo, tena choo, kutoka kila upande.

Niliruka mabenchi nikamfuata mwenye mashine. Nikamwomba arudie.

"Rafiki, hii si gramafoni," alisema akifuta jasho. "Na mkebe wenyewe si wangu, nimeletewa kwa makosa. Kesho unarudi Dar es Salaam."

Nilimwambia kwamba kuna mtu Kisumu. Akasema kila mtu ana mtu wake mahali.

Ningeandika barua siku ile ile. Sikuandika. Niliona ni jambo la kusema kwa mdomo, halafu meli ikaenda Mwanza, halafu nikapewa njia nyingine, halafu nikaacha meli nikaenda kutafuta kitu Kampala ambacho hata sikumbuki kilikuwa nini. Ilipita miaka miwili. Hilo ndilo nisilojisamehe ninapohesabu miji yangu.

Niliporudi Kisumu, baraza lilikuwa na fundi wa viatu. Mhindi wa vitambaa alinishika mikono yote miwili. Fundi amerudi kwao, alisema. Macho. "Picha yote ile, Karani. Mimi alimwambia, Fundi, macho itachoka."

Nikaazima baiskeli nikaenda Kisian. Nilimkuta kando ya barabara, ameketi juu ya kreti ukutani mwa duka, gurudumu limelala juu ya magoti yake. Alikuwa akipitisha kidole juu ya spoku moja moja, akizigonga kwa ukucha, akisikiliza ipi imelegea. Macho yalikuwa yameingia ukungu, meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Niliegemeza baiskeli.

"Mnyororo wako umelegea," alisema bila kuinua uso. "Nimeusikia tangu mlimani."

"Si wangu, Fundi. Nimeazima."

Kidole kikasimama. "Karani?"

Tuliamkiana kwa muda mrefu. Aliuliza habari za meli, za mama yangu, za Kalasinga wa mlangoni. Mimi nilikuwa na neno langu kooni tangu Musoma, na sasa nilipoyaona macho yale niliogopa kulitoa. Lilikuwa limechelewa kwa mtu aliyetaka kuona. Halafu nikasema tu.

"Fundi, nimeuona mkebe wa pili."

Alilishusha gurudumu chini. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kwa kidole, kama mtu anayejitayarisha kula.

"Yumo?"

"Yumo."

"Usinidanganye, Karani. Mimi nimetazama picha nyingi, nikisikia uongo najua. Anaanzia wapi?"

Nikamweleza. Mlango. Karai. Nikamwambia kitambaa cha kichwa kilifungwa kwa nyuma, na kwamba karai alilibeba upande wa kushoto, kiunoni. Akatikisa kichwa, ndiyo, kushoto. Nilipofika pale nilipoogopa, nikasita, maana nilikumbuka hukumu yake.

"Sema."

"Aliitazama mashine, Fundi. Akacheka. Kipande chote ni hicho."

Lori moja la kwenda Busia lilipita, likatumwagia vumbi. Hakujipangusa. Nilimwona anageuza uso kidogo kulia, kuelekea mteremkoni, kama mtu aliyeambiwa mahali pa kusimama.

"Hawakukata," alisema.

"Hawakukata."

"Mzungu alimwambia mara tatu. Mama, usitazame mashine, ukitazama mashine picha imekufa. Mara tatu!" Sauti yake ilianza kupasuka, na sikujua kama ni kicheko au kitu kingine. "Hakutazama mashine, Karani. Alikuwa anatazama mimi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo kando ya mashine, mkono wa kulia, nangoja niambiwe ingia. Nimevaa shati ya mwalimu, mikono mifupi, kifungo moja hakuna. Alikuwa anacheka ile shati."

Basi ndiyo maana. Mimi nilikuwa nimeyabeba macho yale miaka miwili nikidhani yananitazama mimi, na yalikuwa yakimtazama mtu aliyekuwa shibiri moja nje ya picha.

Mwenye duka alitoka, akatutazama, akarudi ndani.

"Na picha yenyewe?" Fundi aliuliza baadaye, kwa sauti yake ya zamani ya Jumamosi. "Iko namna gani?"

"Mbovu, Fundi. Mnyororo umelegea. Choo kimeonyeshwa mara sita."

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

Akavuta kreti nyingine kwa mguu, akaipapasa kuona kama imesimama sawa, akanionyesha nikae. Aliweka mikono yake magotini, jinsi alivyokuwa akikaa kwenye benchi la mbele.

"Rudia," alisema.

Nikaanza tena, tangu mlango.